Shangazi Hafunguliwi Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa pale kituoni siku ulipomchukua mwanangu Nukta akakae kwako, amekulalia begani, ukasema niandike kila siku nisikae na mambo kifuani, na likikaribia kujaa nikutumie ulisome mwenyewe. Wiki zimepita na jalada lake lina alama ya duara la kikombe cha chai. Si kwamba sikuwa na la kusema. Kila nikilifungua najua neno la kwanza litakuwa jina la mwanangu, basi nalifunga. Leo mvua zimeanza kweli kweli, nimeona nianze na mvua.

Imenyesha tangu alfajiri. Nimeanika nguo ndani, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikipita nainama kama ninaingia kwa wakwe.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii isiyomwachia mtu hata nafasi ya kulea. Nakueleza taratibu. Hospitali yetu ina kompyuta tatu kubwa zinazohifadhi habari za wagonjwa, tunaziita seva. Aliyenitangulia kazini alizipa majina ya ndugu wa familia na yameganda. Mama yuko jengo kuu, yeye ndiye ana majalada ya wagonjwa wote. Shangazi yuko maabara, ng'ambo ya ua, kazi yake kumpelekea Mama majibu ya vipimo. Mjomba yuko duka la dawa. Wanazungumza kwa waya uliofukiwa chini ya ua. Mwezi uliopita tuliwabadilishia mfumo endeshi, yaani ule mpango wa ndani unaoiamsha mashine na kuiongoza kwa kila jambo, kwa sababu wa zamani umeshatelekezwa na waliouunda. Mama na Mjomba wameupokea vizuri. Shangazi tangu siku ile ananuna.

Mkuu wa kitengo, yule mwanamke wa miwani juu ya paji la uso, aliniita akaniambia, "Mama Nukta, sikufichi. Mkataba wako wa majaribio unaisha mvua zikiisha. Mashine zikielewana unaajiriwa, na nakupa zamu ya mchana peke yake. Zisipoelewana, uongozi unaleta kampuni ya nje. Na kampuni huja na watu wake."

Zamu ya mchana peke yake, bila kuitwa tena usiku! Maana yake Nukta ananirudia, kwa sababu yule mama wa jirani analea watoto mchana tu. Na wewe unajua upande wa pili. Mvua zikiisha unajifungua, huwezi kubeba wako na wangu. Baba Nukta yuko barabarani na lori lake kama kawaida. Atakayebaki ni mama mkwe, ambaye ameshatandika kitanda. Mtoto akiingia nyumba ile hatoki mpaka aanze darasa la kwanza. Hana ubaya, dada. Anapenda kwa kushika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Shangazi bado ananuna. Nimelala mapema na viatu mguuni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata! Mfumo mpya ulibadilisha jina la kadi ya mtandao ya Shangazi, pale waya unapochomekwa. Ndani ya mashine kuna kitu kama mlinzi wa geti, na mlinzi alikuwa bado ameshika orodha yenye jina la zamani, kwa hiyo kila anayetoka mlango huo anamrudisha. Nikaandika jina jipya, majibu yakaanza kumiminika.

Mzee Waya alikuwa amesimama nyuma yangu. Huyu ni fundi wetu wa umeme na nyaya, anakaribia kustaafu, na tangu nimeanza kazi ananitendea kama bintiye. Asubuhi hunibakishia chai kwenye chupa yake, hata kama imebaki funda moja. Akasema, "Nilijua tu mwanangu ataweza. Mtu aliyebembeleza mtoto mwenye meno yanayoota hashindwi na bati hili."

Mkuu alishusha miwani kutoka kwenye paji, akasoma skrini, akairudisha. Kwake hiyo ni sifa.

Jumatano, 12 Machi

Nilisherehekea mapema.

Usiku mvua ya radi, umeme ukakatika, asubuhi simu ya maabara ilikuwa inalia kabla sijavua koti. Msimamizi wa maabara, tunamwita Dada Chupa kwa ajili ya zile chupa zake za damu, ana sauti ya mtu anayeuza kitu ng'ambo ya mto.

"Shangazi yenu amezira tena! Nimekaa na majibu hapa kama mama ntilie aliyekosa wateja!"

"Nakuja, dada."

"Usije na pole. Njoo na ufundi."

Nikavuka ua, maji yameingia hadi kwenye soksi. Nimekaa mbele ya Shangazi asubuhi nzima. Nikimtuma amwite Mama, Mama anaitika. Hodi inafika, jibu linarudi. Lakini akitaka kuingia na majibu, mlango haufunguliwi: "Hukuruhusiwa." Basi, neno hilo moja tu. Nimetazama taa za waya, zinawaka. Anwani, sawa. Mlinzi wa geti, ana jina jipya. Hata saa nimeitazama, ya kwenye skrini na ya ukutani zinalingana. Nimemzima nikamwasha. Bado.

Mchana jua likatoka kidogo. Shangazi akapona mwenyewe, majibu yote yakaenda kama maji ya bomba lililozibuka. Sikugusa kitu.

Mzee Waya akacheka. "Waya umekunywa maji, mwanangu. Jua likitoka unakauka. Ule waya niliufukia mimi, naijua tabia yake."

Inaingia akilini.

Alhamisi, 13 Machi

Kavu. Mzima.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua usiku, umeme ukakatika. Asubuhi mlango umefungwa, mchana umefunguliwa.

Umenipa Nukta kwenye simu, akapumua tu. Nimesikiliza pumzi hiyo hadi salio likaisha.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Vile vile. Dada Chupa amenipigia mara nyingi kuliko mume wangu tangu tuoane. Ana kisirani yule mwanamke. Kila simu anaanza katikati ya ugomvi, kama vile tuliachana jana bila kumaliza.

Jumatatu, 24 Machi

Tumechimba ua.

Vibarua walikuja na majembe, Mzee Waya akawa mbele amevaa buti za mpira, anaonyesha kwa fimbo: hapa waya unapinda, hapa kuna bomba la choo, mkilipiga mtajuta. Mkuu akasimama chini ya mwavuli. Wagonjwa wakatoka wodini kutazama, mmoja na chupa yake ya dripu mkononi.

"Mnazika nani?" akauliza.

"Shangazi," akajibu Mzee Waya bila kugeuka. Watu wakaangua kicheko, yule mgonjwa akabaki ametoa macho, ikabidi muuguzi amweleze.

Waya wa zamani ulitoka na matope kama nyoka aliyelala. Tuliukata tukautazama ndani. Ulikuwa mkavu, dada. Nikamwonyesha Mzee. Akasema maji ya namna hiyo hayaonekani kwa macho. Nikaona aibu kumbishia mbele ya vibarua. Tumelaza waya mpya, ndani ya bomba gumu, tukafukia.

Nimerudi nyumbani nina matope hadi kwenye nyusi. Nimeoga kwa ndoo moja, nikafulia hayo hayo maji.

Alhamisi, 27 Machi

Kavu bado. Wote tunamsifu Mzee. Mimi pia.

Alhamisi, 3 Aprili

Radi. Umeme ukaenda ukarudi. Waya mpya, mkavu, ndani ya bomba. Asubuhi: "Hukuruhusiwa."

Mzee Waya alisimama mlangoni kwa Shangazi, maji yanamdondoka kwenye kofia. Nilimhurumia. Halafu nikajihurumia mwenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Wamekuja watu wawili wa kampuni ya nje. Viatu vyao vilikuwa safi, sijui waliruka vipi dimbwi la getini. Wamepima chumba, wamepiga picha, wameniuliza nywila ziko wapi kana kwamba mimi ndiye droo. Mmoja ananiita "dada msaidizi".

Nikamjibu, "Msaidizi wa nani? Niko peke yangu."

Akacheka, akadhani ni mzaha.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Vile vile. Mama mkwe ametuma salamu kuwa godoro dogo limeshapatikana.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nitaandika kirefu, sitaki kulala na haya kifuani.

Usiku mvua kubwa, umeme ukakatika, kwa hiyo asubuhi Shangazi amefungiwa. Nilikuwa jengo kuu kwa Mama, natafuta kosa upande wake, nikasikia mtoto analia wodini. Si kilio cha njaa. Wewe umelea, unakijua kile cha chini chini kinachokatika katikati. Mama yake msichana mdogo, ameshika kanga kwa meno, anamtikisa. Daktari anabonyeza kompyuta, anasubiri majibu ya damu, bila majibu hajui ampe dawa ipi. Anabonyeza tena. Skrini tupu.

Akaniona. "Wewe si wa kompyuta? Majibu yangu yako wapi?"

Nikasema yako kwa Shangazi. Yule msichana akanitazama: shangazi gani tena anaingia hapa?

Kabla sijajieleza mlango ukasukumwa, Dada Chupa akaingia. Alikuwa amelowa kama aliyetoka kuvuliwa mtoni. Kumbe amevuka ua mbio na karatasi ya majibu ameificha ndani ya gauni, kifuani. Akaitoa, ilikuwa kavu. Akampa daktari, daktari akasoma, dawa ikachomwa. Ikachukua muda, kisha mtoto akalala. Mama yake naye akalala hapo hapo, kichwa kwenye ukingo wa kitanda.

Nikamfuata Dada Chupa kwenye korido. Alikuwa anakamua gauni lake.

"Kumbe huwa unavuka hivi?"

"Kila mara mashine zenu zikigoma. Ulidhani majibu yanaenda na njiwa?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Nakupigia simu kila siku, mdogo wangu! Unadhani napiga kwa kukuchukia? Napiga ili nisikimbie. Goti langu moja limekwisha."

Nikamshika mkono. Alikuwa na baridi kama chupa zake. Nilitaka kusema samahani, nikasema, "Kaa, nikuletee chai."

"Sukari nyingi," akasema. "Na usilie, utanilowesha tena."

Tangu leo nikiona simu yake nitaipokea nimesimama.

Jumatano, 16 Aprili

Mtoto yule ameamka anacheka. Nimepita kumtazama mara mbili, mara ya pili bila sababu.

Jumatatu, 21 Aprili

Kampuni imeleta pendekezo lake, liko mezani kwa Mkuu, nene kama tofali. Mkuu ameniambia uongozi utaamua katikati ya Mei. Nimeuliza kama kuna ninachoweza kufanya. Akasema, "Fanya ifanye kazi." Ni mtu wa maneno mafupi, lakini leo alivua miwani kabisa aliponiambia.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Vile vile.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada, keti.

Usiku umeme ulikatika. Nimefika kazini, Shangazi amefungiwa, nikakaa mbele yake kama siku zote. Nilitaka kumwandikia Mkuu ujumbe kuwa tatizo limerudi, na kama kawaida niandike lilianza kuonekana saa ngapi. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani. Haipo. Msumari tu. Mzee Waya alikuwa ameishusha, kioo kimepasuka, ameipeleka kwa fundi.

Basi nikatoa simu mfukoni. Simu inasema 08:40. Nikasoma kwa mdomo kama tunavyosoma sote: saa mbili na dakika arobaini. Nikageukia skrini ya Shangazi nihakikishe. Skrini inasema 02:40. Nikasoma: saa mbili na dakika arobaini.

Nikaandika ujumbe. Nikautuma, dada! Mdomo wangu ulikuwa umesema kitu kimoja mara mbili, ukaridhika. Ni macho ndiyo yaliyorudi yenyewe. Nane. Mbili. Nane. Mbili.

Ngoja nikueleze ile saa ya ukutani, maana ndiyo iliyonifunga kitambaa machoni. Wewe na mimi tumekulia na saa zinazoonyesha nane, tukasema saa mbili. Tunageuza kichwani bila hata kufikiri. Mzee Waya hakubali. Saa yake ya mkononi na ile ya ukutani amezirekebisha ili mshale mfupi uelekee kwenye namba unayoitamka. Huwa anasema, "Nikisema saa mbili nataka nione mbili. Nitazame nane niseme mbili, nimelewa?" Tumemcheka mpaka tukazoea. Nimekaa chini ya saa ile tangu nianze kazi, na kila nikiangalia skrini ya Shangazi asubuhi nimeona inalingana na ukuta. Nikaandika mpaka humu kwamba iko sawa. Hailingani na dunia. Ilikuwa nyuma ya Mama kwa saa sita nzima.

Na hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Mfumo wa zamani haukujali saa. Huu mpya, kila Shangazi akienda kwa Mama anabeba kibali, na kibali kina muda wa kutolewa. Mama akikitazama anaona kimetolewa usiku wa manane na sasa ni asubuhi, anasema kimeisha muda, rudi. Hodi anaitikia, kuingia hamruhusu. Umeme ukikatika, betri kubwa ya maabara ambayo ingemshikilia imechoka, Shangazi anazimika, na akiamka anasoma saa kutoka kwenye kibetri chake kidogo cha ndani. Hiyo ndiyo mbovu. Baadaye humwuliza Mama saa akajirekebisha, ila kwanza anahangaika na anwani ya zamani isiyokuwepo tena, mpaka achoke, na kuchoka kwake kunafika mchana. Mchana ndio jua hutoka. Sisi tukasema jua limekausha waya.

Tumechimba ua mzima kwa sababu ya kusoma saa.

Nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza. Kisha nikakumbuka nani alibadilisha kibetri kile siku ya kuweka mfumo mpya, kicheko kikakata.

Nilimkuta stoo anakunja mabaki ya waya.

"Mzee, siku ile ulipoweka kibetri kipya kwa Shangazi, ilikudai saa?"

"Ilinidai. Nikaijaza."

"Ulijaza ngapi?"

"Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikajaza tatu."

"Ilikuwa ujaze tisa, Mzee."

Akanitazama kwa huruma. "Saa tisa ni alasiri, mwanangu."

Nikamweleza. Alikunja waya polepole, polepole zaidi, kisha akaacha. Akakaa juu ya ndoo.

"Na ule ua?"

"Ua haukuwa na kosa."

"Vibarua wale niliwafokea," akasema. Halafu uso ukabadilika. "Sasa unakwenda kusema. Nimebakiza miezi michache hapa. Wataniimbia mpaka getini. Mzee wa saa. Huwezi kusema ni mfumo tu? Mfumo haujibu."

Nilitamani kumkubalia. Chai yake nimeinywa, dada, hata siku ambazo sikuwa na kifungua kinywa kingine. Nikamwambia, "Sitakutangaza. Lakini nikiulizwa nitajibu. Nikisema uongo mmoja hapa, hawataniamini nikisema nimetengeneza. Nami nina mtoto wa kumrudisha."

Akainuka, akatoka. Hakuniaga. Ni mara ya kwanza.

Nimerekebisha saa, nimefuta anwani ile ya zamani. Nimemzima Shangazi makusudi, nimemwasha. Mama akafungua mlango papo hapo.

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi hakukuwa na chai.

Jumatano, 30 Aprili

Mkuu aliniita, nikamkuta Mzee Waya ameshaitwa, amesimama dirishani na kofia mkononi. Nikaeleza yote, nikachora na karatasi. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliiweka saa hiyo?"

Mzee hakugeuka.

"Mzee ndiye aliyeijaza," nikasema. "Na mimi ndiye niliyeitazama mvua hizi zote nikasema iko sawa. Tumeisoma namna moja."

"Wewe? Fundi wa seva?"

"Mimi."

Nilijua nimejitia kitanzi. Mtu wa kampuni angeipenda sana sentensi ile. 

Mzee Waya akasema, bado anatazama nje, "Saa iliyomdanganya niliitundika mimi. Kama ni kukata, anzeni na mti mkavu, huyu bado ana mtoto."

Mkuu akashusha miwani. "Sijasema kukata. Nimeuliza nani, nimejibiwa. Sasa nataka mvua."

"Nimeshamzima na kumwasha, Mkuu, anafunguliwa..."

"Kuzima kwako si radi. Mmeniambia waya, nikachimba ua. Safari hii nataka mvua yenyewe, umeme ukatike wenyewe, halafu nione."

Tulitoka pamoja. Kwenye ngazi Mzee akasema, bila kunitazama, "Ulipoulizwa hukunitupa peke yangu." Akaenda zake.

Alhamisi, 1 Mei

Jua.

Ijumaa, 2 Mei

Jua. Nguo zimekauka zote, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na sikufurahi.

Jumatatu, 5 Mei

Jua kali. Dada Chupa ameanika goti lake uani. Anasema, "Mwaka mzima unalalamika mvua, leo unaitafuta kama deni." Chai imerudi. Nimeikuta chupa mezani.

Jumatano, 7 Mei

Mawingu. Yamepita.

Umenipigia kuwa miguu imeanza kuvimba na mkunga amesema ujiandae. Sikukwambia kitu kuhusu Mkuu na mvua yake. Niliogopa utasikia sauti yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Jioni upepo uligeuka. Nililala nikisikiliza bati. Ilipoanza, ilianza kama mtu anayemwaga mahindi kwenye sinia, kisha radi, kisha taa ya jirani ikazima, na ya barabarani, na yangu. Sijawahi kufurahia giza namna ile.

Jumamosi, 10 Mei

Nilifika nikamkuta Mkuu ameshafika, amevaa buti. Mzee Waya yuko. Dada Chupa ameegemea mlango na karatasi ya majibu ameshaiweka kifuani, tayari kukimbia.

"Siwaamini," akasema. "Msinitazame hivyo."

Shangazi alikuwa ameamka. Skrini: 07:52. Simu yangu: 07:52. Nikazisoma tarakimu moja moja kwa sauti, sifuri, saba, tano, mbili, kama mtoto anayejifunza kuhesabu, sitaki tena kutafsiri.

"Tuma," Mkuu akasema.

Dada Chupa akabonyeza. Tukasubiri. Simu ya maabara ikalia, daktari wa jengo kuu: "Majibu yamefika. Mbona leo mapema?"

Dada Chupa akatoa karatasi kifuani, akaikunja mara mbili, akajipepea nayo. Akasema, "Goti langu linawashukuru. Mimi nitawashukuru mvua ya pili."

Jumanne, 13 Mei

Mvua ya pili imenyesha usiku wa jana. Leo ameshukuru.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeajiriwa. Zamu ya mchana peke yake, kuanzia wiki ijayo. Tofali la kampuni limerudishwa kwa wenyewe.

Mkuu alinipa karatasi nitie sahihi, kisha akasema, "Siku ya kukagua mashine nilikuja saa nne. Niliona nne kwenye skrini, nikasaini. Hilo libaki hapa." Nimelibakisha hapa.

Mzee Waya ameitundika tena ile saa yake, kioo kipya, bado na kichwa chake kigumu. Chini yake amebandika karatasi: "SAA YA WATU. SI YA MASHINE."

Jumanne, 20 Mei

Dada, dereva wa gari la dawa anapita kwenu kesho, atakuachia daftari hili. Shemeji amesema atamleta Nukta Jumamosi. Nimeshazungumza na mama wa jirani. Mama mkwe nimempigia mwenyewe, nikamwambia kwa heshima zote kwamba mtoto anakaa na mama yake, na godoro nimeomba alitunze kwa ajili ya likizo. Akauliza kama litamtosha urefu mpaka hiyo likizo. Na wewe upunguze kusimama, uweke miguu juu, huyo wa tumboni nakuja kumpokea mwenyewe.

Haya ndiyo ninayoomba shemeji aje nayo.

Kadi yake ya kliniki, ile yenye kona aliyoitafuna.

Viatu vinavyomtosha sasa. Vile nilivyompa mimi wakati anaondoka usivirudishe, mpe atakayezaliwa.

Lile shuka la kijani analolalia. Usilifue. Lije na harufu ya kwako, usiku wa kwanza asishtuke.

Wimbo unaomlazia, niandikie maneno yote, hata yale uliyoyabuni.

Vyakula anavyovikataa, na namna unayomlaghai mpaka akavila.

Maneno yake mapya na maana zake. Juzi kwenye simu alisema "babaji, babaji", nikamwitikia ndiyo, ndiyo, na mpaka leo sijui nimemkubalia nini.

Na mwisho, niandikie kweli bila kunionea huruma, anakuitaje: mama mkubwa, au hilo "mkubwa" ameshalidondosha. Kama amelidondosha usimsahihishe. Mtume hivyo hivyo.